Masale Yetu, Soko la Wenzetu: Safisha Kitalu Kabla ya Kutafuta Mnunuzi



Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku kwetu Kilimanjaro alinitumia picha kwenye simu. Dada yake yuko Uholanzi, kapiga picha sebule ya mwenyeji wake. Kwenye kona kuna chungu cheupe, ndani yake vigogo vitatu vya urefu tofauti, kila kimoja kina kishungi cha majani ya kijani yenye mstari wa njano katikati. Chini kaandika: "Shikamoo bwana shamba. Hivi haya si masale?"

Marahaba. Ndiyo, ni masale. Kitaalamu huitwa Dracaena fragrans, mmea wa Afrika ya tropiki. Ni ukoo ule ule tunaopanda mipakani mwa vihamba, ambao Mchagga akikuletea jani lake kuomba msamaha, unaona aibu kumkatalia. Hii ya mstari wa njano ni aina iliyochaguliwa kwa ajili ya mapambo tu. Ila nchi inayosifika duniani kwa kuuza vigogo hivyo haiko Afrika kabisa. Ni Costa Rica.

Swali lililofuata nililitegemea: "Sasa si tukate tuuze?" Nilimjibu hapana, bado. Najua wengi wenu mna wazo kama lake, kwa hiyo ngoja niseme kwa nini.

Wenzetu wanauza nini hasa

Costa Rica hawakati ua la mpakani. Wana mashamba ya mimea mama, inayokuzwa kwa ajili ya shina. Shina likifika unene unaotakiwa linakatwa pingili, zinapangwa kwa urefu na unyoofu, zinaoshwa, ncha ya juu inazibwa kwa nta ili isikauke wala kuoza, kisha zinaingia kwenye katoni na kontena la ubaridi. Pingili ina akiba yake ya chakula ndani, ndiyo maana inavumilia safari ya bahari. Kuotesha mizizi, kuchipusha na kupanda tatu tatu kwenye chungu hufanywa na mnunuzi kule kule.

Lakini ukiniuliza wanauza nini, nitakwambia wanauza usafi. Marekani ilikuwa haipokei Dracaena ndefu kupita sentimita 46, kwa kuogopa wadudu wanaojificha ndani ya shina na kwenye makwapa ya majani. Wakulima wa Costa Rica walipoingia kwenye mpango maalumu wa mimea safi, wenye ukaguzi tangu shambani, ndipo wakaruhusiwa kupeleka mirefu zaidi. Na mmea mrefu ndio wenye bei. Ina maana usafi wenyewe uliwaongezea kipato.

Kosa langu

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu niliwahi kukosea, na waliolipa ni vijana.

Kikundi cha vijana saba kilipanda sanseveria, ule mkonge mdogo wa mapambo. Walipata mnunuzi wa nje mapema, wakakopa kikoba, wakajenga neti ya kivuli. Miaka miwili majani yalikuwa yamesimama wima, yanang'aa. Nilipita kwenye matuta, nikageuza majani kutafuta vidung'ata na utitiri, sikuona kitu. Nikawaambia, "Mzigo uko safi, iteni mkaguzi."

Mkaguzi alikuja, hakuangalia majani sana. Aling'oa mmea, akauosha kwenye ndoo, akanionyesha mizizi. Ilikuwa na vinundu kama shanga. Minyoo fundo. Akang'oa wa pili, wa tatu, hali ni ile ile. Mzigo wote ukakataliwa, na alikuwa sahihi. Tukauchoma.

Sehemu ile kabla ya kitalu ililimwa nyanya, na nyanya ni chakula kizuri cha minyoo fundo. Nilijua hivyo. Niliwatembelea tangu enzi za nyanya! Lakini tulikuwa na haraka ya soko, na mimi nikaona aibu kuwarudisha nyuma. Wawili kati yao bado wanalipa lile deni.

Anza hivi

Kwanza, usipande ardhini. Tumia meza zilizoinuliwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa au pamisi. Udongo wa shambani kutoka kwetu hauruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ukipanda kwenye udongo umejitafutia kazi ya kuosha mizizi na hatari ya kuikata. Zana za kitalu zisitoke nje ya kitalu. Mlangoni weka beseni la dawa ya kukanyaga. Na kabla ya kuahidi mtu mzigo, peleka sampuli ya mizizi maabara. Majani yatakudanganya kama yalivyonidanganya mimi.

Pili, jua mmea wako unavyozaliana. Ile sanseveria yenye kingo za njano, ukiotesha vipande vya jani utapata mimea ya kijani tupu, kingo zinapotea. Hiyo igawe kwa machipukizi ya shinani. Kuna mtu ametumia mwaka mzima kuotesha kitu ambacho mnunuzi wake hakukiagiza.

Tatu, kama unauza mmea wenye majani badala ya pingili, uzoeshe kivuli kabla ya safari. Mmea uliokulia juani ukiingia kwenye kontena lenye giza, unakula akiba haraka kuliko unavyoweza kuirudisha, na majani yanapukutika. Watafiti Conover na Poole, kule Apopka, Florida, walionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mimea iliyoongezewa kivuli na kupunguziwa mbolea kabla ya kuuzwa huvumilia zaidi maisha ya ndani ya nyumba. Yaani ule mmea ulionona kwa mbolea, unaoupiga picha ukiwa na fahari, ndio utakaokuaibisha.

Nne, na hili ni la ninyi wa parachichi: msidandie kontena la parachichi eti kupunguza gharama. Parachichi husafiri kwenye nyuzi 5 hivi, wakati mimea mingi ya tropiki inaanza kuumia ikishuka chini ya nyuzi 13. Isitoshe, tunda hutoa gesi ya kuivisha, na gesi hiyo hiyo hudondosha majani.

Tano, sheria. Tangu 14 Desemba 2019 mmea hai wa kupandwa hauingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha usafi wa mimea. Hapa Tanzania wa kumwona ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa Kenya ni KEPHIS. Waone kabla hujapanda, siyo wiki ya kusafirisha. Na tafadhali, usiingie msituni kuchimba. Okidi na karibu shubiri zote za porini zinalindwa na mkataba wa CITES, bila kibali ni kesi.

"Bwana shamba, unatukatisha tamaa"

Nimeshaambiwa hivyo. Eti nikisubiri usafi, soko litakwenda kwa wengine. Jamani, soko limeshakwenda kwa wengine zamani. Ua la Usambara lilitoka misitu ya Tanga likapewa jina la kitaalamu mwaka 1893, leo linauzwa madirishani Ulaya nzima. Mzizi ule mnene wa Zamioculcas, mmea wa Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini, Waholanzi walianza kuuotesha kibiashara mwaka 1996. Hatukuchelewa jana. Miaka miwili mingine ya kujifunza haitatuua, ila mzigo mmoja uliokataliwa unaweza kukuua kibiashara, na kumchafulia jina jirani yako ambaye hajafanya kosa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: miaka miwili ya mwanzo uza hapa hapa. Hoteli za Arusha na ofisi za Dar es Salaam zinanunua maua ya ndani. Mteja wa hapa atakurudishia chungu chenye vidung'ata na kukugombeza, basi. Hiyo ni ada ya shule nafuu sana.

Yule kijana wa picha nimemwambia aanze na pingili hamsini kwenye meza, na daftari. Kila Jumatatu ang'oe moja, aoshe mizizi, aandike alichoona. Siku akiniita nikague, safari hii nitaanza na ndoo ya maji.