Kona ya Fundi: Sindano Isikie Muziki Peke Yake

Wengi wetu tuna santuri nyumbani, za taarab au za dansi, ambazo wazazi walizibeba walipohamia huku Uingereza. Nyingine hazipatikani tena. Kwa hiyo kabla hatujazileta kwenye jioni ya muziki, tuiangalie mashine kwanza.

Sindano haichagui. Inasoma mfereji wa santuri, na inasoma pia mtetemo wa mota, wa meza na wa spika. Tena kila kitu kina mwendo wake wa kutikisika. Bembea ukiisukuma kwa wakati wake, inapaa kwa nguvu kidogo tu. Mashine nayo ni hivyo hivyo.

Tuanze na kitako. Kitako chepesi chenye uwazi ndani huvuma kama ngoma. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni uzito: wenye Garrard 301, mashine ya Swindon ya miaka ya 1950, huiweka kwenye kitako cha mbao za tabaka nyingi au cha jiwe. Ya pili ni springi: mwaka 1961 Edgar Villchur wa kampuni ya AR, Marekani, aliweka sahani na mkono pamoja juu ya springi, mtetemo wa nje usivifikie.

Sasa mkono. Jumlisha gramu za uzito tendaji wa mkono, za kichwa na za skrubu zake. Zidisha kwa namba ya ulaini wa kichwa, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Mfano: gramu 18 mara ulaini 15 ni 270, kipeuo ni kama 16.4, jibu ni mitetemo 9.7 kwa sekunde. Ni salama, maana tunataka 8 hadi 12. Ulaini ukiwa 30, jibu linashuka hadi 6.8, na santuri iliyopinda itaurusha mkono. Jibu likikaribia 20, linaingilia besi.

Jaribio la bure: weka sindano juu ya santuri isiyozunguka, sauti iwe ndogo, gonga rafu kwa kidole. Spika zikijibu “du!”, hamisha mashine mbali nazo, kwenye rafu imara.

Mwezi ujao: kuosha santuri. Njooni na maswali.