Picha ya Nje na Maneno ya Ndani

Kabla ya kuwalaumu wengine yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Shule yetu ililetewa zawadi ya sanduku la vitabu vilivyokwisha kusomwa na watu wengine. Tukaketi walimu watatu kuvichagua. Vya hesabu tukaviweka upande mmoja, vya historia upande wa pili, vya hadithi upande wa tatu. Lakini vitabu saba vilitutia mashaka kwa ajili ya picha zilizochorwa juu ya majalada yake: madubwana yenye macho ya kutokeza, vyombo vya angani vitemavyo moto, na wanawake waliovaa kidogo mno. Mmoja wetu akasema, "Hivi si vya watoto." Tukakubali sote, wala hapana aliyefungua hata ukurasa mmoja. Vikafungiwa kabatini.

Siku moja msichana wa darasa la juu alikuja kufagia chumba cha walimu, akakuta kabati li wazi, akaomba aazimwe kitabu kimojawapo. Tukamkatalia. Akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, je, ninyi mmekisoma?" Hatukuwa na jibu. Msichana yule alimaliza masomo yake akaenda zake, wala kitabu hakukisoma.

Baadaye, kwa haya iliyotupata, tulikitoa kitabu kile tukakisoma. Kumbe kilikuwa cha C. S. Lewis, mwandishi ambaye Wakristo wengi wamjua kwa maandiko yake juu ya imani. Kitabu chaitwa Out of the Silent Planet, nacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1938. Ndani yake mtaalamu mmoja wa lugha anatekwa na kuchukuliwa mpaka sayari ya Mirihi. Njiani moyo wake wajaa hofu, kwa kuwa amesoma hadithi za viumbe wa kutisha wa sayari nyingine, na picha zao zimemkaa kichwani. Afikapo, awakuta viumbe wenye maumbo mageni kweli, lakini wapole na wenye hekima. Waovu katika hadithi ile ni wanadamu wenzake wawili waliomteka. Basi tazameni, ndugu zetu: kitabu kile kilikuwa kikikemea kosa lile lile tulilolitenda sisi tulipokifungia kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo twasema waziwazi: hadithi hizi ziitwazo hadithi za sayansi zimepata jina baya kwa neno la mchuuzi, si kwa neno la mwandishi. Mwandishi wa hadithi hizi huuliza swali moja: kama elimu ya wanadamu ikifika mahali fulani, maisha yao yatakuwaje, na mioyo yao itakuwaje? Swali hilo si la kipuuzi. Ni swali la kila mzazi ampelekaye mtoto wake shule. Lakini mchuuzi hauzi swali. Yeye huuza picha.

Na tueleze jinsi mambo yalivyofikia hapo. Hadithi za namna hii ni za zamani. Mary Shelley wa Uingereza alitoa kitabu chake Frankenstein mwaka 1818. Jules Verne wa Ufaransa alitoa mwaka 1863 hadithi ya wasafiri watatu waliopanda puto kubwa lililoanzia safari yake huku kwetu Unguja, wakavuka bara la Afrika hadi Senegali. H. G. Wells alieleza mwaka 1895 habari ya chombo cha kusafiria katika nyakati. Hivi vilikuwa vitabu kama vitabu vingine, vikasomwa na wazee na vijana.

Kisha mwezi wa Aprili, mwaka 1926, huko New York, Hugo Gernsback alianzisha gazeti la kila mwezi lililoitwa Amazing Stories, la kuchapa hadithi za sayansi peke yake. Mchoraji wake alikuwa Frank R. Paul, mtu aliyejifunza kuchora ramani za majengo, na kwa hiyo mitambo yake ilipendeza kuliko watu wake. Picha yake ya toleo la kwanza haina ubaya wowote: watu wanateleza juu ya barafu, na juu yao sayari ya Zohali inang'aa pamoja na pete zake. Mtu mzima aweza kuitazama kwa raha, na mtoto pia.

Walakini magazeti ya namna hiyo yaliongezeka. Yalipigwa chapa juu ya karatasi duni, yakatundikwa kwenye vibanda vya kando ya njia pamoja na magazeti mengine mengi, ya wapelelezi, ya mapenzi na ya wachunga ng'ombe wenye bastola. Mpita njia hasimami ila kwa nukta chache. Kwa hiyo kila jalada lilipaswa kupiga kelele kuliko jirani yake. Katika miaka ya 1940 hasa, yalitokea magazeti ambayo juu yake, mwezi baada ya mwezi, palikuwa na mambo matatu yale yale: mwanamume mwenye silaha, dubwana lenye macho makubwa, na mwanamke karibu uchi. Tena twastaajabu: mwanamume amevikwa vazi zito la kumkinga na baridi kali na ukosefu wa hewa, na mwanamke asimama kando yake mabega wazi, naye apumua vizuri! Mchoraji wa namna hii hakuchora mambo ya sayansi, alichora alichoagizwa.

Na mwandishi, je, alikuwa na neno katika hayo? Mara nyingi hakuwa nalo. Jalada lilikuwa shauri la mhariri, mwenye gazeti na mchoraji. Pengine picha ilitangulia kuchorwa, ndipo mwandishi akaitwa atunge hadithi ya kuifuata, kama mtu ashonaye kanzu kwanza kisha akamtafuta mtu wa kuienea. Twawezaje basi kumhukumu mwandishi kwa picha asiyoiagiza?

Nanyi tazameni yaliyokuwa ndani ya magazeti yale yaliyodharauliwa. Mwezi wa Machi, mwaka 1944, gazeti la Astounding Science-Fiction lilichapa hadithi ya Cleve Cartmill juu ya bomu la nguvu za atomiki. Maneno yake yalikaribia siri ya serikali ya Marekani hata maofisa wa usalama wakaenda kumhoji mhariri, John W. Campbell, wakidhani siri imevuja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, mji wa Hiroshima uliteketezwa. Mwenye kucheka magazeti yale kwa ajili ya madubwana yake hakujua kwamba ndani yake watu walikuwa wakijadili jambo ambalo lingeigeuza dunia.

Au mfikirini Walter M. Miller wa Marekani. Mwaka 1944 alikuwa askari wa ndege, akashiriki katika kuipiga mabomu nyumba ya kale ya watawa ya Monte Cassino, nchini Italia. Mwaka 1959 akatoa kitabu A Canticle for Leibowitz, habari za watawa wanaotunza vipande vya elimu ya kale baada ya dunia kuharibiwa kwa moto wa atomiki. Ni kitabu cha mtu aliyeliona jengo takatifu likianguka naye akiwa miongoni mwa walioliangusha. Je, kitabu hicho kikae rafu moja na upuuzi, kwa kuwa tu chaitwa hadithi ya sayansi?

Lakini ubaya wa majalada hauishi katika kutisha. Liko na jalada lisemalo uongo wazi, na uongo huo watugusa sisi. Octavia Butler alizaliwa California mwaka 1947, mtoto wa mama mweusi aliyefanya kazi za nyumbani katika nyumba za watu. Akawa mwandishi mkubwa, na mwaka 1995 akapewa zawadi ya MacArthur, ambayo kabla yake haikupewa mwandishi yeyote wa hadithi za sayansi. Kitabu chake kimoja cha mwaka 1993 kina jina la Mfano wa Mpanzi, ule wa Injili. Mwaka 1987 alitoa kitabu Dawn, ambacho mtu wake mkuu, Lilith, ni mwanamke mweusi. Na jalada la chapa ya kwanza lilionyesha nini? Mwanamke mweupe! Mwandishi aliandika hivi, mchuuzi akachora vingine, kwa kuwa alidhani uso mweusi hautauza. Msichana mweusi aliyepita dukani siku ile hakuambiwa kwamba kitabu kile kina habari za mtu kama yeye.

Kidonda hiki twakijua hata nje ya hadithi za sayansi. Mwaka 2014 watu walikusanya majalada ya riwaya zihusuzo Afrika na kuyaweka pamoja, wakaona karibu yote yana mti mmoja wa mgunga na jua jekundu linalozama, hata kama hadithi ni ya mji mkubwa usio na mgunga. Basi ikiwa sisi hukasirika bara letu zima likipewa picha moja tu, kwa nini twakubali hadithi zote za sayansi zipewe picha moja ya dubwana?

Twajua watatupinga. Wa kwanza atasema, "Bila picha kali kitabu hakinunuliwi, na mwandishi atakufa njaa." Twamjibu kwa methali ya wazee: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1935 Allen Lane alianzisha vitabu vya Penguin huko Uingereza, vya bei ndogo, visivyo na picha juu ya jalada ila rangi, jina na alama ya ndege, na watu wakavinunua kwa wingi sana. Nyumba ya Gollancz ya London nayo ilitoa hadithi za sayansi nyingi katika jalada la manjano tupu lenye maneno peke yake, na wasomaji wakazoea kuitafuta rangi ile rafuni.

Wa pili atasema, "Nyingi katika hadithi hizo ni takataka." Kweli. Theodore Sturgeon, mwandishi wa Marekani, alikwisha kulijibu neno hilo katika miaka ya 1950: alikiri kwamba sehemu 90 katika 100 ni takataka, akaongeza kwamba ndivyo ilivyo kwa kila kitu. Nasi twauliza, je, mashairi yote ni mazuri? Hotuba zote ni nzuri? Mkulima haitupi nafaka kwa kuwa ina makapi, huipepeta.

Wa tatu atasema, "Ni uongo, maana mambo hayo hayakutokea." Huyu ashangaza zaidi, kwa kuwa amelelewa kwa mifano. Hakuna aulizaye mpanzi wa Injili alikuwa wa kijiji gani, wala shamba lake lilikuwa na ukubwa gani. Mfano si uongo. Uongo ni picha ya mwanamke mweupe juu ya habari za mwanamke mweusi.

Wa nne atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana. Katama Mkangi wa Kenya alitoa kwa Kiswahili mwaka 1995 riwaya ya Walenisi, yenye safari ya kwenda nchi ya mbali, na jina la nchi hiyo, likikatwakatwa, lasema wale ni sisi. Tena mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi wa Nigeria, alitoa kitabu alichokiita kwa neno letu, Binti: habari za msichana wa Kihimba aendaye chuo kikuu kilichoko mbali katika nyota. Na juu ya jalada lake yupo msichana mweusi, udongo mwekundu wa kwao usoni mwake, kama ilivyo katika maneno ya ndani. Hii yaonyesha kwamba hatupigani na wachoraji. Mchoraji mwaminifu ni msaidizi wa mwandishi. Twapigana na picha isiyokisoma kitabu, na msomaji asiyesoma zaidi ya picha.

Basi tufanyeje? Hatuna uwezo wa kuwaamuru wachuuzi wa New York na London. Lakini rafu zetu na makabati yetu ni yetu. Sisi walimu tumekubaliana mambo mawili, nasi twawasihi wazazi, wazee wa kanisa na walimu wenzetu wayafikiri. La kwanza: hapana kitabu kitakachokataliwa na mtu asiyesoma walau kurasa ishirini zake. Akiisha kusoma na kuona ni kibaya, na akikatae, tena aseme sababu. La pili: kitabu chenye picha isiyofaa kitafunikwa kwa karatasi ya kaki, kama watoto wafunikavyo madaftari yao mwanzo wa mwaka, na juu yake litaandikwa jina la kitabu na jina la aliyekitunga.

Vile vitabu saba tumekwisha kuvifanyia hivyo. Viwili tulivisoma tukaviona havina faida, tukavikataa, na sababu tumeziandika. Vitano viko rafuni. Kitabu kile cha kwanza kinangoja. Tumempelekea habari msichana yule kwao, kwamba jibu la swali lake sasa tunalo, na kwamba aje akichukue.