Mizani ya kakao inagongwa muhuri, sensa ya maji je?

Testi zilinibana nikapotea kidogo, ila leo nina dukuduku na nisipolitoa sitalala.

Kuna mshkaji wangu wa Sayansi na Elimu, tena kichwa kweli kweli, ameng'ang'ania kwamba sensa za kupimia maji (siyo ile sensa ya kuhesabu watu, jamani) hazihitaji kugezwa kwa sababu siku hizi ni za dijitali. Eti namba ikishatokea kwenye kioo imetoka. Cha kusikitisha, wengi wanakubaliana naye. Nasema hapana, na nasema kama mtu wa Bondeni.

Ugezi, kwa wasiolizoea neno hilo, ni kukilinganisha kifaa na kitu ambacho thamani yake inajulikana tayari, halafu kukirekebisha. Basi. Kyela tunaujua vizuri sana, ila tunaujulia kwenye kakao na mpunga. Mnunuzi akija na mizani inayopunja, si mtasikia kelele mpaka Ipinda! Wakala wa Vipimo wanahakiki mizani ya biashara kila mwaka na kuigonga muhuri. Hakuna mkulima anayekubali kuambiwa "mizani yangu ni ya dijitali, niamini". Sasa kwa nini maji ambayo mama zetu wanachota Kiwira, Mbaka na ziwani kwenyewe tuyapime kwa kifaa ambacho hakuna anayejua mara ya mwisho kiligezwa lini?

Chukua kipimo cha pH. Kile kichwa chake cha kioo kinazeeka, kinakauka kikiachwa bila maji yake ya chumvi, kinashika uchafu. Dijitali yake haisaidii chochote, kioo kikichoka kinapeleka umeme usio sahihi na kompyuta ndani inautafsiri kwa adabu zote. Ndiyo maana unatakiwa kukichovya kwenye bafa ya 7, halafu ya 4 au ya 10, kutegemea maji unayokwenda kupima. Maji ya juu ya Ziwa Nyasa yanakaa upande wa besi, kama 8 hivi, kwa hiyo ni 7 na 10. Na msisahau tulichokariri kidato cha nne: tofauti ya namba moja kwenye pH ni mara kumi!

Nilipokuwa BTP (shule siitaji) nilikuta kifaa cha pH kinafundishia tangu sijui lini. Nilikuwa na bafa ya 7 kwenye chupa ndogo, nikakichovya. Kikasoma 6.1. Nikamwambia mwenyeji wangu, akacheka, "Mwalimu, iache tu, kwa kufundishia inatosha." Kwa kufundishia inatosha! Yaani watoto arobaini na kitu wajifunze kwamba namba ni namba ilimradi ina nukta katikati. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, na sisi watarajiwa wa ualimu ndio tunaoubeba.

Lakini oksijeni ndiyo itakayommaliza rafiki yangu. Sensa ya oksijeni inagezwa kwenye hewa yenye unyevu, na hewa inategemea mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa letu liko mita 470 na kitu. Kwenye nyuzi 25, maji yaliyoshiba oksijeni usawa wa bahari yana miligramu 8.3 hivi kwa lita, Matema kama 7.8, Mbeya kama 6.7. Sasa mtu anageza kifaa hapa chuoni bila kukiambia yuko mwinuko gani, kinadhani kiko Dar es Salaam. Anapanda basi mpaka Matema, anapima maji yenye miligramu 4, anaandika karibu 5. Samaki wanakosa pumzi, ripoti inasema wanaendelea vizuri. Kifaa kizima, kipya, cha dijitali.

Kuna na tope. Masika Kiwira na Lufilyo zinashuka rangi ya chai ya maziwa. Sensa ya tope inayoachwa majini inaota utelezi kwenye jicho lake, na utelezi wenyewe unahesabiwa kama tope. Usipoifuta na kuijaribu kwenye kimiminika cha kulinganishia, baada ya wiki chache unapima sensa, hupimi mto.

Mtu ataniuliza, kwani kuna nini cha kugombania? Kipo. Ng'ambo ya Songwe, wilaya ya Karonga, kuna mgodi wa urani wa Kayelekera. Ulianza 2009, ukasimamishwa 2014, ukafufuliwa 2025. Maji ya upande ule yanaingia mto Sere, yanakwenda Rukuru ya Kaskazini, yanaishia ziwani Karonga. Ziwa ni moja, usipaka haulijui. Simtuhumu mtu, na urani yenyewe haipimwi kwa sensa ya mkononi, inakwenda maabara. Ila pH na upitishaji umeme ndizo kengele za kwanza za kukwambia chukua sampuli sasa. Siku kengele ikilia, wanasheria wa yeyote yule watauliza swali moja tu: kifaa chenu kiligezwa lini, kwa bafa gani, daftari liko wapi? Huna daftari, huna kesi. Na hata mgodi ukiwa hauna kosa, hautaweza kusafishwa kwa namba zetu za kubahatisha.

Ndiyo maana nakereka na miradi ya kukabidhi vifaa. Picha, hotuba, makofi, sensa inakatwa utepe. Bafa hazimo kwenye bajeti, na bafa ikishafunguliwa haikai milele. Bora wangeleta vifaa viwili pungufu na bafa za miaka mitatu. Huo wa sasa ni usanii.

BTP ijayo nikipangiwa tena Bondeni nabeba bafa ya 7, ya 10 na daftari la mistari. Kila kipindi cha vitendo mwanafunzi mmoja atageza mbele ya wenzake, ataandika tarehe na jina lake. Mshkaji wangu naye kapangiwa huko huko, nitamuazima bafa.