Lugha za Kubuni na Riziki ya Mwanaisimu

Wapo wanaisimu wanaodai kwamba kubuni lugha ni mchezo usiomfaa msomi. Dai hilo halina mashiko. Mmarekani David J. Peterson alianza kubuni lugha kwa ushabiki tu, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 2009 alishinda shindano la kuunda Kidothraki, lugha ya tamthilia ya televisheni Game of Thrones iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2011. Kazi hiyo ikawa ndiyo riziki yake. Hata hivyo, ushabiki pekee haukutosha: alikuwa na shahada ya uzamili ya isimu. Aidha, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizomchochea. Basi mwanafunzi wa Kiswahili anayebuni ngeli zake daftarini asikemewe. Afundishwe fonolojia na mofolojia, ili mchezo uwe taaluma.