Mshahara wa anayelea usibebwe na mtu mmoja

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayompa mfanyakazi wa Marekani haki ya kukaa nyumbani hadi wiki 12 kwa mwaka anapopata mtoto, anapougua sana, au anapomuuguza mzazi, mwenzi au mwanawe, kisha arudi na kukuta kazi yake ipo. Kazi ililindwa, mshahara haukulindwa. Tena katika sekta binafsi sheria hiyo inawagusa tu walioajiriwa na kampuni zenye watu 50 au zaidi, waliotimiza mwaka mmoja na saa 1,250 kazini. Anayesafisha ofisi saa chache hapa na chache pale hayumo. Hata aliyemo, ikiwa mshahara wake huisha kabla ya mwezi kuisha, ataishije wiki 12 bila senti? Haki ya namna hiyo inawafaa wenye akiba. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Bunge la Marekani bado halijawapa wafanyakazi wa sekta binafsi malipo ya kudumu ya likizo hiyo.

Walioziba pengo ni majimbo. California ilitangulia mwaka 2002, kwa muswada wa Seneta Sheila Kuehl uliopiganiwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la jimbo hilo, na malipo yakaanza 2004. Muhimu zaidi kwangu si idadi ya wiki, bali chanzo cha fedha. Mshahara wa anayelea au kuuguza hautoki mfukoni mwa bosi wake, wala hauachwi upotee. Unatoka katika mfuko wa bima ambao wafanyakazi wa jimbo zima hukatwa kidogo kidogo kuuchangia, kwa kuwa leo anajifungua huyu na kesho mama wa yule anapata kiharusi. Majimbo mengine yamefuata kwa taratibu zao. Minnesota, ambako wanaishi watu wengi wenye asili ya Somalia na Kenya, imeanza kulipa Januari 2026 kwa mchango wa asilimia 0.88 ya mshahara, ambao mwajiri hubeba angalau nusu yake, na waajiri wadogo wamepewa nafuu.

Wafanyabiashara wa California waliupinga muswada wa Kuehl kwa nguvu, wakisema gharama zingeua biashara, hasa ndogo. Hofu hiyo ilistahili kujibiwa, na imejibiwa. Watafiti Eileen Appelbaum na Ruth Milkman waliwahoji waajiri wa jimbo hilo, na katika ripoti yao ya 2011 takriban tisa kati ya kila kumi walisema tija imeongezeka au haikubadilika. Hiyo ni kauli ya waajiri wenyewe. Ukifikiri vizuri, mwenye duka dogo ndiye anayefaidika zaidi na mfuko wa pamoja: asipokuwepo mfanyakazi wake, mshahara ule haulipi yeye, na anaweza kuutumia kumwajiri mtu wa muda. Linganisha na Kenya, ambako Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ni haki njema, ila sheria imemtwika mwajiri mzigo huo. Mwenye mafundi cherehani watatu akimwona msichana aliyeolewa juzi amekuja kuomba kazi, ana sababu ya kifedha ya kumchagua mwanamume. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, ulilitambua tatizo hili na kutaka malipo ya uzazi yatoke kwenye bima ya lazima au fedha za umma. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, na wabunge wa nchi hiyo wana hoja ya kuisimamia hapo.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine: kwamba makato yanawaumiza wenye mishahara midogo. Ni kweli, na California yenyewe iliwakosea watu hao kwa miaka mingi. Mwanzoni mfuko ulilipa asilimia 55 tu ya mshahara. Mhudumu wa hoteli hawezi kulipa kodi ya nyumba kwa nusu mshahara, kwa hiyo alichangia kila mwezi likizo ambazo walizimudu wenye kipato kizuri. Dawa yake haikuwa kuuvunja mfuko. Ilikuwa kuurekebisha, na tangu 2025 malipo ni asilimia 70 hadi 90, wa kipato cha chini wakipata fungu kubwa zaidi. Vilevile mfuko ulilipa bila kuhakikisha kwamba kazi itamsubiri mtu. Ilibidi ufike 2021 ndipo sheria ya jimbo ya kulinda kazi ikawafikia waajiri wenye watu watano.

Marekebisho hayo yalidaiwa na watu ambao hawakwenda kulala baada ya gavana kutia saini. Lakini haki isiyojulikana haimfai mtu: utafiti ule wa Appelbaum na Milkman ulionyesha kwamba California zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliopatwa na jambo linalowastahilisha malipo hawakujua kama mfuko upo. Basi msomaji mwenye ndugu anayeuguza wazee Minneapolis au kupanga mizigo ghalani Shakopee, huko Minnesota, mpigie simu umwambie: makato yameanza, na akijifungua au akiuguliwa na mzazi, aombe malipo yake.