Ngeli na Sharti la Njia Nyingi: Wito kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu hudaiwa kwamba uandishi wa programu za kompyuta ni kazi ya wanahisabati, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana lake huko. Dai hilo halina mashiko. Ipo sehemu moja ya kazi hiyo isiyoweza kukamilika pasipo mjuzi wa sarufi, nayo ni sharti la njia nyingi.

Na ichukuliwe kwamba kijana wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, anaandika programu fupi kwa lugha ya Python ili kukisaidia chama cha akina mama kinachokodisha viti, meza, mahema na mikeka kwa ajili ya harusi na matanga. Vifaa virudishwapo, programu hutoa stakabadhi. Kwa Kiingereza kazi ni nyepesi, kwani njia ni mbili tu: umoja na wingi. Hata hazina ya data ya CLDR ya shirika la Unicode, inayotegemewa na waandishi wengi wa programu, inakipa Kiswahili makundi hayo hayo mawili ya idadi. Kijana akikomea hapo, stakabadhi itasema: "Viti 40 zimerudishwa", "Mahema 2 zimerudishwa".

Dawa ni kuongeza njia. Katika wingi, ikiwa nomino ni ya ngeli ya KI-VI, iandikwe "vimerudishwa", au ikiwa ni ya LI-YA, "yamerudishwa", au ikiwa ni ya U-I, "imerudishwa", vinginevyo, "zimerudishwa". Kompyuta huyapima masharti kuanzia juu, hulifuata la kwanza lililo kweli, na kuyaacha yaliyosalia. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, Python ina pia muundo wa kulinganisha thamani moja na ruwaza nyingi.

Hapo ndipo ujuzi wa sarufi unapohitajika. Programu inayotambua ngeli kwa kiambishi cha mwanzo pekee itaandika "Kiongozi 1 kimelipa". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafahamu kwamba sharti la uhai hutangulia sharti la umbo. Basi na lipimwe kwanza. Anafahamu pia kwamba "vinginevyo" ni njia ya hatari, kwa kuwa hupokea kila nomino isiyojulikana na kuificha kimyakimya katika ngeli isiyo yake. Afadhali njia hiyo iulize kuliko kubahatisha.

Wapo watakaopinga kwamba wakaazi wa Mbotela wenyewe husema "viti zimerudishwa", na kwamba mashine haina sababu ya kuwapita kwa usanifu. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, msemaji barazani huchagua namna ya kusema, na anaweza kuibadilisha kulingana na wasikilizaji wake. Programu yenye njia mbili haichagui lolote; inakosea kwa sababu mwandishi wake hakujua kwamba njia nyingine zipo. Anayeumia ni mtoto anayeisoma nyumbani stakabadhi hiyo iliyopigwa chapa, kisha shuleni akakatwa alama kwa sentensi ile ile.

Ushirikiano wa aina hii si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kinachotakiwa sasa ni kidogo zaidi: kila idara ya Kiswahili iandae orodha ya nomino pamoja na ngeli na wingi wake, katika faili linaloweza kusomwa na kompyuta, na kuitoa bure kwa waandishi wa programu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia kitanda cha ngeli kila siku ni wanafunzi wa Kiswahili. Wao ndio wanaopaswa kusema kunguni wako wapi.