Bahasha Huomba Kabla ya Barua

Leo naweka kando seva na lugha za programu ili nizungumzie bahasha. Ndiyo, bahasha: zile za kaki na nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu Thika mjini, pamoja na ndugu zake wapya wanaoingia kupitia simu.

Sababu ninayo. Kazi yangu ni kuandika programu, na huku kati ya Thika na Ruiru programu ninazoombwa mara nyingi ni za michango: bili ya hospitali, karo, mazishi, paa la kanisa, chakula cha watoto yatima. Kila anayekuja ana maombi yaleyale. Tovuti ipendeze. Picha ziwe kubwa. Hadithi ya mgonjwa iwe ndefu na ya kutoa machozi. Hakuna anayeniuliza kuhusu bahasha.

Msimamo wangu ni huu: mchangaji huanza kuamua kabla hajaisoma barua. Anaamua anapoona nani ameileta, jina la nani limeandikwa juu, na kazi gani inamsubiri akitaka kujibu. Tukiyapuuza hayo matatu, tovuti nzuri haitatusaidia.

Tuanze na historia kidogo. Kabla ya mwaka 1840 huko Uingereza, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyeilipia. Rowland Hill akapendekeza mtumaji alipe mapema, kwa bei ndogo iliyo moja nchi nzima. Mei 1840 ikatoka stempu ya Penny Black. Kuanzia hapo stempu ikawa inasema jambo hata kabla bahasha haijafunguliwa: aliyekuandikia amegharamika.

Mwaka 1904 mfanyakazi wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alikwenda mbele zaidi. Alibuni kistempu cha Krismasi ambacho hakikulipia posta yoyote. Watu walikinunua wakakibandika kando ya stempu ya kawaida, na pesa zikaenda kwa watoto wenye kifua kikuu. Hapo bahasha yenyewe ndiyo iliyofanya kazi ya kuomba.

Mashirika ya hisani ya Marekani, ambayo bado hutuma barua nyingi sana za kuomba, yamelichukua jambo hili kama fani. Yanapata bei nafuu ya posta kwa barua za wingi, na bei hiyo inaweza kuonyeshwa kwa njia tatu: alama ya kibali iliyochapwa pembeni, chapa ya mashine, au stempu halisi iliyobandikwa. Mengi hupendelea stempu halisi. Kwa nini? Kwa sababu alama iliyochapwa inasema "mmoja kati ya maelfu", na stempu inasema "kuna mtu ameibandika hii". Ndani huweka bahasha ya kurudishia majibu. Nyingine zimelipiwa tayari, na nyingine zina maneno ya upole kwamba ukibandika stempu yako utaliokolea shirika gharama.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kenya tarishi hapiti mlango kwa mlango. Barua huenda kwenye sanduku la posta, Thika ikiwa na msimbo 01000 na Ruiru 00232. Wapangaji wengi wa Kimbo, Kihunguro au Makongeni hawana sanduku lao, hutumia la shule, la kanisa au la mwajiri. Kwa hiyo barua ya posta hufika shuleni, kisha safari ya mwisho hadi nyumbani inafanywa na mtoto mwenye sare. Kwa maneno mengine, stempu yetu kwa muda mrefu imekuwa mtu.

Tazama kadi ya harambee. Tangu Mzee Kenyatta alipolifanya neno hilo mwito wa taifa mwaka 1963, shule na zahanati ngapi zimejengwa kwa kadi hizo? Kadi ina mistari ya majina na kiasi, ina nambari, na huwekwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina lako kwa mkono: "Bw. na Bi. Fulani na marafiki". Huletwa na mtu unayemjua, na mtu huyo atarudi kuichukua. Ukiifungua unawakuta waliokutangulia na walichotoa. Aliyeunda kadi hiyo hakuwa na tarakilishi, lakini alijua mambo ambayo sisi watunzi wa programu tunayavumbua upya kila mwaka: mtaje mtu kwa jina, mtume anayeaminika, onyesha waliotangulia, na weka njia ya kurudisha.

Makanisa mengi hapa kwetu hufanya hivyohivyo kwa bahasha za zaka zenye nambari ya kila muumini. Nambari hiyo haina tofauti na funguo za hifadhidata ninazoandika mimi.

Kisha mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na watu wakasema bahasha imekufa. Haikufa, ilibadilika umbo. Kumbuka kampeni ya Wakenya kwa Wakenya ya mwaka 2011, wakati wa ukame mkali wa kaskazini. Lengo la awali lilikuwa shilingi milioni 500 na likapitwa. Nambari yake ya malipo ilikuwa 111111. Ukiisikia mara moja redioni ndani ya matatu, unaishuka nayo kichwani. Hiyo ni bahasha nzuri ya kurudishia. Na waliobeba ujumbe walikuwa Msalaba Mwekundu na vyombo vya habari ambavyo kila nyumba ilivijua.

Linganisha na arafa za michango tunazopata siku hizi. Inaanza: "Mpendwa mteja, tunapenda kukufahamisha kwamba..." Skrini ya simu imeshajaa kabla hujajua anayeugua ni nani. Maneno ya kwanza yanayoonekana kabla hujafungua arafa ndiyo uso wa bahasha, na tunayajaza hewa. Halafu kuna gharama. Arafa moja hubeba herufi 160, lakini ukiingiza kikatuni kimoja cha mikono iliyofumbatana, nafasi hushuka hadi herufi 70 na ujumbe uleule unalipiwa mara mbili au tatu. Kikundi kinachotafuta pesa za dawa hakina sababu ya kununua vikatuni.

Na ada ya kutuma? Hii ndiyo stempu ya kurudishia. Kwenye nambari za malipo za M-Pesa, ada inaweza kubebwa na mchangaji, au na shirika, au wakagawana. Wengi wanaokuja kwangu hawajui hata kwamba uamuzi huo upo. Ushauri wangu ni mmoja: kama unategemea michango midogomidogo, beba ada hiyo mwenyewe na umwambie mchangaji kwamba umeibeba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba ikikatwa njiani kibaba kitachelewa kujaa.

Wapo watakaoniuliza ushahidi uko wapi. Swali zuri, na jibu langu ni kwamba jaribu mwenyewe, kwa hesabu na si kwa hisia. Chukua orodha yako, igawe mara mbili kwa bahati nasibu, upande mmoja upate bahasha ya aina moja na upande wa pili ya aina nyingine. Maneno ya ndani yawe yaleyale, na zitoke siku moja.

Lakini jihadhari na haraka. Tuseme kila upande una watu 100, na waliochanga ni 20 upande mmoja na 26 upande wa pili. Utashangilia, na utakuwa umeshangilia mapema. Tofauti kama hiyo hutokea kwa bahati tu, mara nyingi kuliko unavyodhani. Ili uwe na nafasi nzuri ya kuiona kweli tofauti ya 20 kwa 26 katika mia, unahitaji karibu watu 770 kila upande. Kikundi cha kijiji hakina watu hao. Basi kirudie jaribio kwa harambee kadhaa na kuweka kumbukumbu. Na kihesabu shilingi zilizobaki baada ya gharama, si idadi ya waliojibu peke yake, kwa sababu bahasha ya kupendeza inaweza kuvuta wengi watoao kidogo huku ikila faida yote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kama bahasha ina nguvu hivi, nguvu hiyo yaweza kutumika vibaya, na inatumika. Kuna barua za kuomba zilizovishwa sura ya ilani ya korti au bili iliyochelewa ili uzifungue kwa hofu. Kuna arafa za matapeli zenye jina la mgonjwa asiyekuwepo. Kila mmoja anayedanganywa anafunga mkono, na atakayegonga mlango kesho akiwa na shida ya kweli atalipia uongo wa jana. Kwa hiyo siandiki programu ya kutisha watu. Jina linalotokea kwenye simu ya mchangaji kabla hajathibitisha malipo lazima lilingane na jina lililo kwenye ombi. Likitofautiana, hata kwa nia njema, mtu mwenye akili atasita, na ni haki yake.

Vilevile orodha ya majina na kiasi inayosambazwa kwenye makundi ya simu inasukuma watu kutoa, lakini pia inaaibisha. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata bila sheria tuna utu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Acha aliyetoa shilingi 50 achague kama jina lake lionekane.

Na kuna dhuluma ya kimyakimya. Mgonjwa mwenye ndugu mashuhuri anapata mbeba bahasha mzuri, na bili yake inalipwa. Mama aliyehamia Ruiru mwaka jana, anayefua nguo za watu Membley, hana wa kumbebea. Shida yake huenda ni kubwa zaidi, lakini ombi lake linafika kama nambari ngeni. Programu zetu nyingi huliongeza pengo hili, kwa sababu huwapanga juu wale ambao tayari wana wachangaji wengi. Tunaweza kufanya kinyume. Katika programu ninazotengeneza sasa naweka nafasi ya mdhamini: mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, mwenyekiti wa nyumba kumi. Mtu mmoja halisi anayekubali jina lake liandikwe kwenye bahasha na kusema, "Huyu namjua, nimemwona." Pia ndiye anayepeleka risiti ya hospitali kwa waliochanga.

Haigharimu seva kubwa. Ni safu moja ya ziada kwenye hifadhidata, na mtu aliye tayari kutembea. Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu za michango, kabla hamjaongeza picha nyingine kwenye ukurasa wa kwanza, jiulizeni: huyu mama wa Membley, bahasha yake itabebwa na nani?